Kilima kimoja, mkeka mmoja: kisa cha mama aliyekuwa akichelewa kila Jumamosi

Mimi ni kocha wa mbio, na aliponijia mara ya kwanza hakuwa na tatizo la miguu. Alikuja na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika Jumamosi sita mfululizo: saa aliyoondoka, saa aliyowaahidi watu wake kwamba atarudi, na saa aliyorudi kweli. Tofauti ya safu ya pili na ya tatu haikuwahi kupungua nusu saa. Chini ya ukurasa, kwa kalamu ya rangi nyingine, alikuwa ameandika maneno ya mwanawe wa miaka sita: "Mama, umeshamaliza kukimbia au bado?" Mtoto alimuuliza hivyo mama akiwa tayari amekaa mkekani, kamba za kiatu kimoja zimefunguliwa, cha pili bado, mikono ikimtetemeka kwa uchovu. Alikuwa amesharudi, ila mtoto hakuwa na hakika.

Majina yao nayaacha. Nitawaita Mama na Baba, kwa sababu ndivyo wanavyoitana wenyewe mbele ya watoto.

Mama ana miaka 38, na huu ni mwaka wake wa nne wa kukimbia. Hukimbia siku nne kwa wiki, jumla kilomita 35 hadi 40. Alikuwa amejiandikisha kwenye mbio za mlimani za kilomita 21 zenye mita 950 za kupanda, na zilibaki wiki 14. Anapoishi ni tambarare tupu, kwa hiyo siku za kazi mlima haupati. Anaupata Jumamosi tu, na Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo familia nzima hutoka pamoja: yeye, Baba, mkubwa wa miaka 11 na yule mdogo wa miaka 6. Wote wanapapenda mahali pamoja, kilima chenye njia pana ya kokoto, kilomita moja na nusu kutoka chini hadi juu, mita 120 za kupanda, na uwanja wa nyasi kileleni. Nyuma ya kilima hicho njia inaendelea hadi kwenye vilima vikubwa zaidi. Huko ndiko Mama alikokuwa akipotelea.

Walishajaribu Mama aende peke yake alfajiri, arudi, ndipo watoke. Akawa anafika nyumbani hoi, anageuza gari kurudi alikotoka, na familia inaanza matembezi saa tano jua likiwa limeshapanda. Wakaona bora watoke wote kwa pamoja, Mama akimbie huku wengine wakicheza. Ndiyo hizo Jumamosi sita za daftarini.

Hesabu ya tambarare iliyopelekwa mlimani

Nichukue Jumamosi ya nne. Aliondoka saa 2:00 asubuhi. Mzunguko wake ulikuwa wa kilomita 15. Kasi yake ya kawaida ni dakika 6 kwa kilomita, basi akapiga hesabu: 15 mara 6 ni dakika 90, nitarudi saa 3:30. Akarudi saa 4:10.

Mzunguko ule ulikuwa na mita 600 za kupanda, na hizo hakuzihesabu. Wakimbiaji wa milimani wana kanuni rahisi: kila mita 100 za kupanda, ongeza kilomita moja ya tambarare. Kilomita 15 zinakuwa 21. Zidisha kwa 6, unapata dakika 126. Yaani saa 4:06. Alichelewa dakika 40 kwa ahadi yake, lakini kwa hesabu ya mlima alichelewa dakika nne tu. Niliirudia hesabu hiyo kwa Jumamosi zote sita tukiwa tumekaa pamoja, na hakuna iliyokosea kwa zaidi ya dakika kumi.

Mawazo haya ni ya zamani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliwaandikia watembeaji kanuni yake: saa moja kwa kila maili 3, na saa moja nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni karibu kilomita 5 kwa saa, kisha uongeze dakika 10 hivi kwa kila mita 100 unazopanda. Ni kanuni ya mtu mzima mwenye nguvu asiyesimamasimama, kwa hiyo mwenye watoto asiitegemee kama ilivyo. Lakini msingi wake ni huohuo: mlima unalipwa kwa muda, na usipoutenga mapema utauchukua wenyewe.

Ninakaa hapa makusudi, kwa sababu nyumbani kwao jambo hili lilikuwa limeshageuka kuwa la tabia. Baba aliamini kwamba mkewe akishavaa viatu vya kukimbia huwasahau. Mama aliamini kwamba anachelewa kwa sababu ni mzembe mlimani, akawa anajikaza zaidi kila Jumamosi, anarudi amechoka zaidi, na bado amechelewa. Hesabu ya mistari minne iliwaondolea wote wawili mzigo huo. Nilimwona Baba akiivuta ile karatasi kwake, akaipitia tena taratibu kwa kidole, kisha akamtazama mkewe bila kusema neno.

Baadaye nilimuuliza ni nini hasa kinachomchosha. Nilidhani atasema kushinda na watoto peke yake. Akasema, "Kocha, kulea wanangu sichoki. Nachoka kutojua. Saa 3:30 ikipita, kila anayetokea kule juu naona ni yeye, kumbe siye. Siwezi kucheza na watoto roho ikiwa juu."

Maneno hayo yalibadilisha kazi yangu. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta namna ya kupunguza muda wa mazoezi, na kumbe saa mbili zenyewe Baba hakuwa na ugomvi nazo. Dakika 40 zisizojulikana ndizo zilizomla.

Kilima kinamweka mkimbiaji karibu

Ukikimbia tambarare kwa dakika 48 kwa kasi ya Mama, unapita kilomita nane. Katikati ya safari uko kilomita nne kutoka kwa watu wako, huwaoni, hawakuoni. Ndiyo tabia ya tambarare: mazoezi yakiwa mazuri, umbali nao unakuwa mkubwa. Kilima ni kinyume chake. Mazoezi yake mazuri hufanywa palepale, unapanda kwa nguvu, unashuka taratibu, unapanda tena. Mtu anaweza kumaliza pumzi zote alizonazo bila kutoka kwenye upeo wa macho ya mwanawe.

Nilipomwambia Mama kwamba hatakwenda tena kwenye vile vilima vya nyuma kila Jumamosi, uso ulimbadilika. Alihisi namkatia mazoezi ili kumridhisha mumewe. Ni hofu ninayoielewa, maana wakimbiaji wengi huona marudio mafupi ya mlimani kama kitu cha kupitishia muda hadi mbio ndefu ijayo. Nikamkumbusha Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand. Wanariadha wake walipewa wiki kadhaa za kazi ya mlima baada ya kujenga pumzi na kabla ya mazoezi ya kasi, na kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960 wawili kati yao, Peter Snell kwenye mita 800 na Murray Halberg kwenye mita 5,000, walichukua dhahabu siku moja. Mlima ulikuwa sehemu ya moyo wa programu yake.

Kabla ya kupanga chochote nilimpa Baba kazi: Jumamosi ijayo, pima watoto wanapanda kilima kwa muda gani, pamoja na vituo vyote. Akarudi na jibu: dakika 50. Humo ndani mlikuwa na kuokota mawe, kumfuata mdudu, na ugomvi wa nani atangulie. Kilomita moja na nusu kwa dakika 50 ni mita 30 kwa dakika. Nilifurahi sana kuipata namba hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikikosekana tangu mwanzo. Programu zote alizowahi kufuata Mama zilikuwa na kasi yake yeye. Kasi ya mdogo haikuwemo popote.

Basi tukapanga hivi. Familia inaanza kupanda pamoja, na dakika kumi za kwanza, pale kwenye uwanda kabla ya mwinuko kuanza, Mama anakwenda nao akijipasha moto kwa kutembea haraka na kuruka hatua. Mwinuko ukianza, anapanda kwa nguvu dakika tatu. Kwa mwinuko ule, dakika tatu zinampeleka mita 280 hivi. Katika dakika hizo tatu familia nayo imesogea mita 90. Kwa hiyo anapogeuka, wako mita 190 chini yake, anawaona. Anashuka kwa kukimbia pole, wao wanaendelea kupanda, wanakutana kabla ya dakika moja na nusu kuisha. Kisha anatembea nao dakika moja na nusu nyingine. Dakika sita zimekamilika, anaanza tena kutoka hapo walipofika.

Mara nane. Dakika 48. Wanafika kileleni wote kwa pamoja, na Mama ana dakika 24 za kupanda kwa nguvu miguuni, yaani karibu mita 180 za kupanda kwa nguvu kwenye kilima chenye mita 120 tu. Umbali mkubwa kabisa aliokuwa nao kutoka kwa watoto wake ni hizo mita 190.

Nguvu nayo tuliipima kwa pumzi. Saa ya mkononi haisaidii sana mlimani, maana kasi inabadilika kila mwinuko unapobadilika. Nilimwambia: ukiwa unapanda uweze kutamka maneno mawili au matatu, si sentensi. Ukishindwa hata neno moja, umezidisha, na dakika ya tatu itakuumbua. Na pale kwenye kona kali yenye mawe, tembea, mikono ikisukuma mapaja. Mwinuko ukishakuwa mkali sana, kutembea kwa kujikaza hugharimu nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa mwendo uleule, na wakimbiaji wakubwa wa milimani hutembea sehemu kama hizo bila aibu.

Sehemu niliyoipigania zaidi ni ile dakika moja na nusu ya kutembea pamoja. Jumamosi ya pili Mama aliniuliza kama anaweza kuifupisha apate marudio kumi. Nikakataa. Kwa mwili ni mapumziko anayoyahitaji ili dakika tatu zinazofuata ziwe na nguvu ya kweli. Kwa watoto ndiyo thibitisho kwamba mama anarudi. Mkubwa alikabidhiwa saa, akawa ndiye anayepaza sauti "Nenda!" Mdogo alipewa vijiwe vinane mfukoni. Kila mama akirudi, anatoa kimoja anakiweka pembeni ya njia. Baba alinisimulia kwamba Jumamosi ya kwanza, kwenye jiwe la tano, mdogo aliacha mkono wake akapanda mbio hatua ishirini kumlaki mama, jiwe limeshikwa juu kichwani kwa mikono miwili, anapiga kelele, "La tano! La tano!" Lile swali la mkekani halikuulizwa tena siku ile.

Usalama sikuupuuza. Njia ile ni pana, na ndiyo maana mpango uliwezekana. Kwenye njia nyembamba yenye kingo kali nisingeukubali. Mama hakuweka kitu masikioni. Akiwakaribia wakati wa kushuka, hatua kumi za mwisho anatembea, kwa sababu mtoto anayekuja kumlaki mzazi haangalii anapokanyaga.

Kileleni

Hapa kuna jambo dogo lililokuwa likiwaharibia matembezi bila wao kulijua. Mama alikuwa akifika mkekani amelowa jasho, anakaa hivyohivyo, baada ya dakika ishirini anatetemeka na kutaka warudi. Wao walidhani ni baridi ya mlimani. Lakini hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kilima cha mita 120 hakifikishi hata nyuzi moja. Kilichokuwa kikimpoza ni fulana iliyolowa na upepo wa kileleni. Dawa ilikuwa fulana kavu ndani ya begi la Baba, na kuivaa kabla ya kukaa, kabla hata ya kunywa maji. Matembezi yao yaliongezeka kwa zaidi ya saa nzima kwa sababu ya fulana moja.

Jambo la pili nililiomba mwenyewe, na Mama alilikubali mara moja: wakifika juu, dakika 40 za kwanza ni za Baba. Watoto wako kwa Mama. Baba alale, asome, atembee peke yake nyuma ya kilima, asiulizwe. Zamani hili lisingewezekana, maana Mama alikuwa akirudi kutoka kwenye saa mbili za kukimbia akiwa hawezi hata kukimbiza mpira. Dakika 24 za nguvu zilizogawanywa na mapumziko zinauma wakati unazifanya, lakini hazimmalizi mtu kabisa. Ukipanga mazoezi ya siku ya familia, lazima uulize mkimbiaji atakuwa na nini kilichobaki saa moja baada ya kumaliza. Mimi sasa huliuliza hilo kabla ya kuuliza kilomita.

Kosa langu la wiki ya nne

Mbio zenye mita 950 za kupanda zina kushuka pia, na mpango wetu ulikuwa na kushuka pole tu. Wiki ya nne nikamwongezea: mkishaanza kurudi chini, fanya kushuka kwa kasi mara kumi, sekunde 40 kila mara. Alifanya, akafurahi, akaniandikia kwamba mapafu hayakuchoka kabisa.

Mapafu kweli hayachoki. Ukishuka, mwili unatumia hewa kidogo, ndiyo maana kushuka kunadanganya. Kazi iko kwenye misuli ya mbele ya paja, inayojikaza huku ikivutwa kuwa mirefu kila mguu unapotua ili kukuzuia usiporomoke. Kazi ya namna hiyo huumiza nyuzi za misuli kuliko kazi nyingine, na maumivu yake hayaji siku ileile. Huja kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Watafiti Jinger Gottschall na Rodger Kram walipima jambo hili mwaka 2005: kwenye mteremko wa nyuzi 9, kishindo cha mguu kugonga chini kilizidi cha tambarare kwa asilimia 54.

Jumatatu ya wiki ile ilikuwa siku ya mapumziko, na familia ilikuwa imepanga kutembea msituni. Mama alishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume ameshika ukuta. Msituni, baada ya kilomita mbili, mdogo akaomba kubebwa, na Mama, aliyekuwa akimbeba siku zote, akashindwa kuchuchumaa ili apandwe mgongoni. Mdogo alilia. Lile lilikuwa kosa langu mimi. Nilikuwa nimeangalia kalenda ya mbio bila kuangalia kalenda ya nyumbani.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, nikapunguza dozi: badala ya mara kumi, kushuka mfululizo mara moja. Familia ikianza kurudi, Mama anatangulia, anashuka kilima chote kwa kasi ya kujizuia, hatua fupi fupi za haraka, magoti yamelegea kidogo, kisha anapanda tena pole hadi akutane nao na kumaliza nao kwa miguu. Misuli ina sifa moja ya ajabu hapa: ikishaumizwa kidogo na mteremko mara moja, hujilinda kwa wiki kadhaa zinazofuata. Kwa hiyo mara moja kila siku kumi au kumi na nne inatosha kuweka kinga bila kumlemaza mtu. Pili, kabla ya kila Jumamosi ya kushuka, Mama aliniandikia jibu la swali moja: Jumapili na Jumatatu mna nini nyumbani? Kama kuna safari ya miguu, kushuka kunaahirishwa. Hakuna mjadala.

Mbio ndefu na wiki zilizopotea

Marudio peke yake yasingemfikisha kilomita 21. Alihitaji siku chache za kukaa barabarani muda mrefu. Mara mbili katika zile wiki 14 tulitumia njia ambayo sasa ninaipenda kuliko nyingine zote: Mama anakimbia kutoka nyumbani kwenda kwenye matembezi, na familia inafuata kwa gari. Njia ilikuwa kilomita 16 na mita 300 za kupanda. Kwa hesabu yetu ni kilomita 19, dakika 114. Akianza saa 12:00 alfajiri anafika saa 1:54. Familia iliambiwa ifike saa 2:15. Mara zote mbili wao ndio waliomkuta yeye, amebadili fulana, amekaa kwenye jiwe, anawasubiri. Mama aliniambia kwamba alipoliona gari linakata kona alijisikia tofauti kabisa, kwa sababu kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa akiwatazamia.

Wiki ya saba na ya nane zilikwenda na maji. Mkubwa aliugua, kisha mdogo, na Mama akapata mbio mbili tu kila wiki, zote fupi, hakuna Jumamosi. Alikuwa na wasiwasi kwamba kila kitu kimeporomoka. Hapo nilimpa matokeo ya utafiti wa Hickson na Rosenkoetter wa mwaka 1981: watu waliofanya mazoezi siku sita kwa wiki kwa wiki kumi, kisha wakapunguziwa hadi siku nne au mbili, walibaki na uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa wiki 15, mradi ukali na urefu wa kila siku ya mazoezi haukupunguzwa. Kwa hiyo mbio zake mbili tulizifanya ziwe na nguvu, kwenye ngazi za jengo karibu na kazini kwake, na saa zilizobaki akakaa na wagonjwa wake bila kuhesabu kilomita zinazompita.

Siku yenyewe

Kati ya Jumamosi 14, tisa zilikuwa za vijiwe vinane, mbili za kukimbilia kwenye matembezi, mbili zilipotea, na ya mwisho ilikuwa mbio zenyewe. Kilomita 21 na mita 950: kwa kanuni yetu ni kilomita 30 na nusu, dakika 183. Tukamwambia Baba: awe mstarini kati ya saa tatu kamili na saa tatu na dakika 20 baada ya kuanza, kabla ya hapo acheze na watoto bila kuangalia njia.

Alimaliza kwa saa 3 na dakika 7.

Mbio zile hazikwenda zote vizuri, na ninaona ni haki kusema. Kupanda kulikuwa kwake. Aliwapita watu kwenye kila mwinuko. Lakini kilomita nne za mwisho zilikuwa za kushuka mfululizo, na mapaja yalimwishia. Humo alitembea kwa karibu dakika sita. Kushuka kwetu kulikuwa kwa mita 120 tu kila mara, na mwili haukuwahi kukutana na mteremko mrefu kuliko huo. Kama ningerudi nyuma, ningetumia moja ya siku za kukimbilia kwenye matembezi kumpitisha kwenye vile vilima vya nyuma, akashuke mita 400 au 500 kwa mkupuo, wiki tano kabla ya mbio ili maumivu yapoe na kinga ibaki. Muda ulikuwepo. Sikuuona kwa sababu nilikuwa nimeshajeruhiwa na kosa la wiki ya nne, nikawa naogopa mteremko kuliko inavyostahili.

Wiki mbili baadaye Baba alinipigia simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila mkewe kuwepo. Nilidhani kuna lalamiko. Akasema zile dakika 40 zake za kileleni anazipenda, lakini anaanza kuona anaweza kuzifanyia kitu. Je, na yeye anaweza kuanza kupanda kwa nguvu, hata kidogo? Na watoto watabaki na nani?

Nimewapangia hivi. Mzunguko unabaki dakika sita. Dakika moja Baba anapanda, mbili zinazofuata anashuka na kupumzika akiwa na watoto, kisha dakika tatu Mama anapanda na kurudi kukutana nao. Mama atapoteza nguvu kidogo, kwa sababu dakika zake tatu sasa zina kupanda na kushuka ndani yake, kwa hiyo marudio yake yanakuwa ya dakika mbili na anapanda sehemu kali zaidi. Kila dakika kuna mzazi mmoja mkononi mwa mdogo. Vijiwe vinakuwa kumi na sita, na mdogo ameshasema mfuko mmoja hautoshi.